Kabla Hujaung'oa: Kuisoma Bustani ya Mimea ya Kudumu Mwanzoni mwa Majira ya Joto

Katika wiki mbili za kwanza za Juni, bustani za Minnesota na majimbo jirani ya kaskazini mwa Marekani huonyesha mambo mawili kwa pamoja. Pioni na airisi, mimea ya kudumu yenye maua makubwa, hufunguka kwa wingi kiasi kwamba wapita njia husimama kuzitazama, na papo hapo, katikati ya maua hayo, hubaki mapengo ya udongo mtupu mahali ambapo mwaka jana palikuwa na mmea. Mgeni wa bustani hizi, hasa aliyekulia penye joto mwaka mzima, humaliza jambo la kwanza kwa kupiga picha na la pili kwa kuchukua beleshi. Mwongozo huu unahusu kazi iliyoko kati ya picha na beleshi: namna ya kuutunza mmea unaochanua sasa, namna ya kuupima ule ambao haujaonekana kabla ya kuamua kwamba umekufa, na namna ya kuuchunguza uliokufa kweli, ili usije ukanunua mwingine na kuuzika palepale kwa sababu ileile.

Mimi nilikulia Moshi, na kwa muda mrefu mfano ulionisaidia kuielewa mimea hii ulikuwa mgomba. Mgomba ukishazaa hukatwa na shina lake huanguka, lakini kisiki kilichoko ardhini hakifi, bali huendelea kutoa machipukizi miaka nenda miaka rudi. Mmea wa kudumu wa nchi za baridi hufanya vivyo hivyo, ila una tabia moja ambayo mgomba hauna: hulala. Majani ya pioni hukauka yote ifikapo Oktoba, na kuanzia hapo hadi Aprili kinachoonekana juu ya ardhi ni udongo na theluji tu. Katika miezi hiyo mmea mzima na mmea mfu hufanana kabisa, na makosa mengi ya Mei na Juni hutokana na mtu kutaka kuvitofautisha kwa macho kabla wakati haujafika.

Namba ya ukanda na kile ambacho haisemi

Mimea mingi ya kudumu inayouzwa Marekani huwa na kibandiko chenye namba ya ukanda wa baridi. Namba hiyo hutoka kwenye ramani ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, ambayo ilitolewa upya mwaka 2023 kwa kutumia takwimu za vituo 13,412 vya hali ya hewa kati ya mwaka 1991 na 2020. Ramani ina kanda 13, na kila ukanda unapishana na unaofuata kwa nyuzi 10 za Farenheiti, sawa na takriban nyuzi 5.6 za Selsiasi. Kinachopimwa ni kitu kimoja tu, nacho ni wastani wa baridi kali kuliko zote katika mwaka. Ukanda wa 4, kwa mfano, ni ule ambao usiku mmoja wa baridi kuu hushuka kati ya nyuzi 29 na 34 za Selsiasi chini ya sifuri. Mmea ulioandikiwa ukanda wa 5 unaweza kuishi katika ukanda wa 4 kwa miaka mitatu ya neema, kisha ukaondoka usiku mmoja wa Januari.

Hata hivyo, namba hiyo haisemi lolote kuhusu maji, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapowapotosha wengi. Katika mapengo yote niliyowahi kuyachunguza, yaliyosababishwa na baridi peke yake ni machache; mengi yalisababishwa na maji yaliyotuama kwenye mizizi wakati mmea umelala, au na udongo ulioganda na kuyeyuka mara kwa mara mwezi Machi. Lavenda, kichaka kidogo chenye maua yanayonukia, ikiandikiwa ukanda wa 5 inaweza kufa katika ukanda wa 6, ambako baridi ni nafuu zaidi, kwa sababu tu imepandwa kwenye udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Kinyume chake, theluji nene ambayo mgeni huiogopa ni blanketi: huuzuia udongo usipoteze joto lake la mwisho, na majira ya baridi yenye theluji kidogo ndiyo huwa na hasara kubwa zaidi. Kama unapanda kwenye vyungu, ambako mizizi imezungukwa na hewa baridi pande zote, chagua mimea inayohimili kanda mbili za baridi zaidi kuliko unapoishi, au uzike chungu chenyewe ardhini ifikapo Novemba.

Inayochanua sasa

Pioni ndiyo malkia wa juma la kwanza na la pili la Juni katika eneo la Minneapolis, na kuna sababu ya watu wa huku kuipenda kiasi hiki. Ua hili haliwezi kuchanua bila baridi. Matumba yake huamka tu baada ya mmea kulala kwa wiki nyingi kwenye udongo wa baridi, na ndiyo maana mtu hawezi kuipanda Mombasa au Dar es Salaam akapata ua. Baadhi ya aina zinazouzwa leo ni za kale sana: 'Festiva Maxima', nyeupe yenye madoa mekundu kama ya damu katikati, ilitoka Ufaransa mwaka 1851, na 'Sarah Bernhardt', ya waridi iliyopauka, ilitoka huko huko mwaka 1906. Kisiki kimoja kinaweza kuwazidi umri waliokipanda. Niliyo nayo mimi nilipewa na bibi jirani yangu, ambaye naye aliikuta kwenye ua wa nyumba aliponunua.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu pioni ni kwamba ina majani mazuri lakini haitoi ua, na karibu kila mara kosa ni kina. Macho ya pioni, yaani yale machipukizi mekundu yaliyo juu ya kisiki, hayatakiwi kufukiwa zaidi ya sentimita 5 chini ya udongo. Mtu aliyezoea kupanda mgomba au kahawa hudhani kwamba kuchimba kina kirefu ni kuutendea mmea wema, kumbe pioni iliyofukiwa sentimita 10 hukaa miaka mingi ikitoa majani matupu. Ukigundua hali hiyo sasa, usiifukue, kwa sababu mizizi yake haipendi kuguswa wakati wa joto. Weka kijiti cha alama, subiri Septemba, kisha uinyanyue na kuipanda upya kwa kina kinachofaa, na usishangae ikichukua miaka miwili au mitatu kurudisha maua yake.

Kama matumba yalitokea lakini yakawa meusi na kunyauka yakiwa na ukubwa wa punje ya njugu, huo ni ukungu unaopenda majira ya machipuko yenye baridi na mvua nyingi. Kata kila tumba lililoathirika pamoja na sehemu ya kikonyo chake, ukitumia mkasi unaoufuta kwa spiriti kabla ya kuhamia kikonyo kingine, na ifikapo Oktoba kata mashina yote usawa wa ardhi, kisha yatupe kwenye pipa la taka na si kwenye lundo la mboji. Sisimizi wanaotembea juu ya matumba waache kama walivyo. Wanakunywa utomvu mtamu unaotoka nje ya tumba, hawali ua, na si kweli kwamba ua haliwezi kufunguka bila wao.

Kwa anayetaka maua ya ndani, kata pioni kabla halijafunguka, wakati tumba limeanza kuonyesha rangi na ukilibonyeza kwa vidole viwili linabonyea kama andazi la moto. Likiwa bado gumu kama jiwe halitafunguka kwenye chombo. Acha angalau theluthi mbili za mashina kwenye mmea, maana majani hayo ndiyo yanayopika chakula cha mwaka kesho.

Airisi yenye ndevu hutangulia pioni kwa siku chache, na mahitaji yake ni kinyume kabisa cha yale ambayo mkono wa mkulima huamini. Tunguu lake linene hulala juu ya udongo, mgongo ukiwa wazi kwa jua kama kiboko aliyejilaza majini, na mizizi peke yake ndiyo inayoshuka chini. Ukilifunika kwa matandazo, hata kwa nia njema, linaoza. Maua yakiisha, kata kikonyo kutoka chini kabisa lakini uyaache majani. Kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, mwezi Julai au Agosti, chimbua shada zima, tupa matunguu ya katikati yaliyozeeka, na upande upya yale ya pembeni yenye majani.

Wakati huu wa Juni kagua majani ya airisi kwa makini. Ukiona ukingo wa jani umetafunwa vijino vidogo, au mstari unaoonekana kama umelowa maji ukishuka kuelekea chini, kuna kiwavi ndani. Huyu ni mtoto wa nondo ambaye mayai yake yalikaa kwenye majani makavu tangu mwaka jana. Anashuka polepole ndani ya jani, na ifikapo Julai atakuwa ameingia ndani ya tunguu, akilitoboa na kuufungulia mlango uozo wenye harufu mbaya. Sasa hivi bado unaweza kumkamata: shika jani kati ya kidole gumba na cha shahada, anzia juu ya ule mstari uliolowa, na ubonyeze kwa nguvu ukishuka hadi chini. Utasikia pale atakapopasuka. Si kazi ya kupendeza, lakini inafanywa bila dawa yoyote. Airisi ya Siberia, yenye majani membamba kama nyasi, haisumbuliwi sana na mdudu huyu na hustahimili udongo wenye unyevu, kwa hiyo mwenye bustani iliyo bondeni ni afadhali aanze nayo.

Mingine nitaipitia haraka. Salvia ya zambarau iliyokolea iitwayo 'Mainacht' na nepeta yenye majani ya kijivu huchanua kwa pamoja mwanzoni mwa Juni. Maua yakianza kufifia, kata mmea mzima hadi nusu ya kimo chake bila huruma, nao utachanua tena kabla ya Agosti kwisha. Baptisia, ambayo ni mwenyeji wa Amerika Kaskazini, hutoa mikuki ya buluu na huwa na mzizi mkuu unaokwenda chini sana, kwa hiyo chagua mahali pake mara moja na usiihamishe. Lupini ni nzuri lakini umri wake ni mfupi. Ikiishi miaka minne kwenye udongo mzito imekutendea haki.

Digitalis, yenye maua yanayofanana na vikofia vya kidole, inastahili sentensi mbili zaidi. Kwanza, aina yake ya kawaida ni mmea wa miaka miwili, hutoa majani mwaka wa kwanza, ua mwaka wa pili, kisha hufa kwa maumbile yake, wala si kwa uzembe wako. Pili, kila sehemu yake ina sumu inayoathiri moyo, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo wanaopenda kuonja kila kitu ifikirie mara mbili kabla ya kuipanda.

Ambayo haijaonekana

Kwenye miteremko ya milima mirefu ya Kenya na Tanzania huota mmea ambao kisayansi huitwa Kniphofia thomsonii, wenye majani marefu kama ya kitunguu kikubwa na ua linalosimama kama mwenge, jekundu na la manjano. Jamaa zake kutoka kusini mwa Afrika huuzwa kwenye vitalu vya Marekani, na nilipouona kwa mara ya kwanza nilinunua mmoja bila hata kutazama bei. Nimepoteza miwili kabla ya kufanikiwa na wa tatu, na hasara zote mbili zilikuwa na fundisho tofauti. Ya kwanza nitaieleza chini. Ya pili ilitokea tarehe 20 Mei ya mwaka uliofuata, nilipochoka kulitazama rundo la majani makavu ya rangi ya mkonge, nikachukua beleshi na kuling'oa lote kwa pigo moja. Nilipoyapasua yale majani makavu, ndani yake kulikuwa na chipukizi la kijani kibichi lenye urefu wa ukucha, na mizizi iliyokatika ilikuwa minene, mieupe na migumu. Mmea ulikuwa mzima. Mimi ndiye niliyeuua.

Kanuni ninayoifuata tangu hapo ni kwamba hakuna mmea unaong'olewa kwa kosa la kuchelewa kabla Juni haijaisha. Iko mimea ambayo kuchelewa ni tabia yake, kwa sababu huamshwa na joto la udongo na si na urefu wa siku. Hibiskasi ya vinamasini, yenye maua mapana kama sahani, huweza kukaa kimya hadi juma la kwanza au la pili la Juni, kisha ikarefuka kwa kasi ya kushangaza. Asclepias tuberosa, yenye maua ya rangi ya chungwa na ambayo viwavi wa vipepeo aina ya monaki huila, huonekana mwishoni mwa Mei. Platycodon, ambayo matumba yake huvimba kama puto kabla ya kufunguka, nayo ni ya kundi hilo, na mara nyingi huuawa na mwenye bustani anayechimba mahali pake akidhani ni patupu.

Kuna pia inayotoweka kwa njia ya kinyume. Popi ya Mashariki huchanua Juni kwa rangi nyekundu isiyo na mfano, kisha katika Julai majani yake hugeuka manjano na kukauka yote, na mtu asiyeijua huanza kumwagilia maji kwa hofu. Inalala tu kukwepa joto, na itatoa majani mapya mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa vuli. Kumwagilia wakati huo ndiko kunakoweza kuiozesha.

Ili kupima bila kuua, tumia mkono na si chombo. Chimba taratibu kwa vidole kandokando ya mahali mmea ulipokuwa, umbali wa kiganja kutoka katikati, hadi uguse sehemu ambayo shina hukutana na mizizi. Ikiwa ni ngumu kama karoti mbichi na ukiikwaruza kidogo ndani ni nyeupe au ya krimu, rudisha udongo na uende zako. Ikiwa inabonyea, ina rangi ya kahawia ndani, au ni ganda tupu, mmea umekufa. Kwa mimea yenye matawi magumu ya mti, kama lavenda, kwaruza gome la tawi kwa ukucha: ukiona kijani chini yake tawi ni zima, na ukiona kahawia kavu shuka chini zaidi na ujaribu tena. Lavenda isikatwe hadi kwenye mti mkavu usio na jani hata moja, maana huko haina uwezo wa kuchipuka. Kata juu kidogo tu ya mahali machipukizi mapya yanapoonekana.

Kumchunguza marehemu

Mmea ukithibitika kuwa umekufa, usiutupe kabla hujauliza ulikufaje. Chimbua donge zima pamoja na udongo wake, liweke juu ya gazeti, na ulisome kama daktari.

Donge likitoka likiwa na harufu ya uozo na kichwa cha mizizi kikaachana na mizizi yenyewe mikononi mwako, muuaji ni maji. Ndivyo ulivyokuwa ule mmea wangu wa kwanza wa kniphofia. Niliupanda kwenye udongo wa mfinyanzi, mita moja tu kutoka mahali mfereji wa paa unapomwaga maji, na nilipouchimbua katikati yake palikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Baridi haikuwa na kosa. Kuhakikisha, chimba shimo la kina cha sentimita 30 palepale, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze tena na uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo baada ya nusu siku, mahali hapo hapafai kwa lavenda, kniphofia wala airisi yenye ndevu, na hakuna mbolea itakayobadilisha ukweli huo. Panda huko airisi ya Siberia, au inua tuta la sentimita 20 hadi 30 lenye udongo uliochanganywa na mboji, ili maji yapate pa kushukia. Kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi, ambako wengi hushauriana, mara nyingi huleta kitu kinachokaribia tofali.

Kniphofia ya tatu iko juu ya tuta la namna hiyo, na kila Novemba mimi huyakusanya majani yake marefu juu ya kichwa cha mmea na kuyafunga kwa kamba, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, ili theluji inapoyeyuka maji yateleze pembeni badala ya kuingia katikati. Majani hayo hukatwa majira ya machipuko, baridi kali ikishapita.

Mmea ukipatikana umelala juu ya udongo, mizizi yake ikiwa mikavu na wazi kama kung'olewa na mkono usioonekana, ulisukumwa juu na barafu. Mwezi Machi udongo huganda usiku na kuyeyuka mchana. Maji yaliyomo hutanuka yakiganda na kuinua kila kisicho na mizizi mirefu, sentimita baada ya sentimita, kisha upepo hukausha kilichobaki. Heuchera, mmea mfupi unaopandwa zaidi kwa ajili ya majani yake ya rangi, ndiyo muathirika mkuu. Ukiwahi kuiona hali hiyo mapema, irudishe kwa kuibonyeza na kiganja na kuifunika udongo, wala usiikanyage kwa mguu. Kinga yake ni matandazo ya majani makavu au nyasi kavu yenye unene wa sentimita 10 hivi, lakini yawekwe baada ya udongo kuganda na si kabla, kwa sababu lengo ni kuudumisha udongo katika hali ya kuganda hadi machipuko. Anayeyaweka mapema Oktoba huwatengenezea panya wa shambani nyumba ya kulala.

Panya hao huacha ushahidi wao wenyewe: theluji ikiyeyuka utaona njia nyembamba zinazopinda juu ya nyasi kama ramani ya mito, na kwenye donge ulilolichimbua mizizi itakuwa imeguguniwa, yenye alama za meno. Sungura hukata kikonyo kwa mshazari safi, kana kwamba ni kwa kisu, ilhali kulungu, ambaye hana meno ya mbele ya juu, hurarua na kuacha ncha iliyochanikachanika. Kwa sungura, senyenge ya kuku yenye kimo cha sentimita 60 inatosha. Kwa kulungu hakuna jibu la bei nafuu, na mwenye kulungu wengi ajizoeze kupanda pioni, baptisia, salvia na nepeta, ambazo huwa hawazipendi.

Sababu moja ambayo watu huisahau ni chungu cha kitaluni. Mwaka jana nilichimbua mmea uliokufa ambao ulikuwa umekaa ardhini kwangu kwa miezi kumi, na donge la mizizi yake bado lilikuwa na umbo kamili la chungu, hata zile alama za matundu ya chini zilionekana. Mizizi ilikuwa imejisokota mduara, na hakuna hata mmoja uliokuwa umetoka kuingia kwenye udongo wangu. Mmea huo ulikufa kwa kiu katikati ya bustani yenye maji. Ndiyo maana kabla ya kupanda ni lazima mizizi iliyosokotana ichanwe kwa vidole, au ikatwe kwa kisu mara tatu au nne ubavuni kutoka juu hadi chini, na ndiyo maana mimea inayonunuliwa kwa bei ya kutupa mwishoni mwa Oktoba mara nyingi haioni Mei: inahitaji angalau wiki sita za kuotesha mizizi kabla udongo haujaganda.

Mwisho, kama mapengo yako yamepangana mstari mmoja kando ya njia ya miguu au barabara, usitafute ugonjwa. Ni chumvi inayomwagwa majira ya baridi kuyeyusha barafu. Mwagilia eneo hilo maji mengi mapema katika machipuko ili ishuke chini ya mizizi.

Kuziba pengo kwa mmea wa jirani

Njia bora ya kuziba pengo haipiti dukani. Mmea uliokwisha kuishi miaka kumi mtaani kwako umeshafaulu mtihani ambao kibandiko hakiwezi kuutunga, na watunza bustani wengi hugawa kwa moyo mkunjufu ukiwaomba kwa wakati unaofaa. Juni ni mwezi wa kuchagua, si wa kugawa: pita ukiangalia kinachochanua kwa jirani, omba, andika jina, rangi na tarehe kwenye daftari, na mfunge kamba ya rangi kwenye shina ili Septemba msibishane ni lipi. Andika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika juani. Pioni hugawanywa Septemba, kila kipande kikiwa na macho matatu hadi matano. Airisi yenye ndevu Julai na Agosti. Salvia, nepeta na mimea mingine ya mizizi ya nyuzi hugawanywa mapema katika machipuko au mwanzoni mwa Septemba. Baptisia, Asclepias na popi ya Mashariki zina mizizi mikuu na hazifurahii kisu, kwa hiyo ziombe kama mbegu.

Lipo angalizo moja zito. Kwetu nyungunyungu ni rafiki wa shamba, lakini sehemu kubwa ya Minnesota iliwahi kufunikwa na barafu kuu ya kale, na misitu yake ilikua baadaye bila nyungunyungu wa asili. Katika miaka ya karibuni wameenea wale wa asili ya Asia, wa jenasi ya Amynthas, ambao ukiwagusa hurukaruka na kujinyonganyonga kama nyoka mdogo. Hugeuza tabaka la juu la udongo kuwa chengachenga zilizolegea zinazofanana na masalia ya kahawa iliyokwisha kuchujwa, na mizizi hukosa pa kushika. Aliyekomaa hutambulika kwa pete nyeupe kama maziwa, laini, inayouzunguka mwili wote karibu na kichwa. Wakubwa hufa kwa baridi, lakini vifuko vya mayai yao, vidogo kama punje ya haradali na vya rangi ya udongo, huvuka majira yote ya baridi na kusafiri ndani ya donge la mmea uliopewa kwa upendo.

Kwa hiyo ukipewa au ukitoa mmea, usihamishe udongo. Tikisa donge juu ya turubai palepale kwa mwenye mmea, urudishe udongo kwenye shimo lake, kisha osha mizizi ndani ya ndoo ya maji, ubadilishe maji, na uoshe tena hadi mizizi ionekane yote. Maji hayo ya udongo yamwagwe palepale yalipotoka. Funga mizizi kwa gazeti lililoloweshwa, uweke kwenye mfuko, na uupande mmea siku hiyo hiyo, jioni jua likiwa limepungua, kisha umwagilie kila asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo. Mmea uliosafiri mizizi wazi hunyauka siku mbili tatu kiasi cha kutia mashaka. Uachie kivuli cha boksi la karatasi wakati wa mchana, na usiufukue kuangalia kama unashika.